Elfu Thelathini za Nini?

Kuna imani imewashika wachezaji wa gemu za kompyuta, kuanzia Kariakoo, Dar es Salaam, mpaka Luthuli Avenue, Nairobi, na sasa kuihoji ni kujitafutia ugomvi. Imani yenyewe ni kwamba vifaa ni ngazi. Chini kabisa yuko mwenye kipanya cha ofisini kilichokuja pamoja na kompyuta iliyotumika. Juu yake yuko mwenye kipanya chenye taa. Juu ya huyo yuko mwenye kipanya kisicho na waya, chepesi, chenye namba ndefu kwenye boksi. Kileleni wameketi mabingwa wa Ulaya, Marekani na Korea, na walichoshika mkononi na kuvaa kichwani ndio mwisho wa elimu. Kazi ya mchezaji ni kupanda ngazi hiyo kadiri mfuko unavyomruhusu. Akipigwa mechi tatu mfululizo, dawa iko dukani.

Nataka kuibomoa imani hii. Lakini walioishika si wajinga, kwa hiyo kwanza niiseme kama wao wenyewe wangeisema siku wakiwa wametulia.

Wanasema hivi. Vipanya vya zamani vilikuwa vibovu kwelikweli. Vile vya kigololo vilikusanya uchafu tumboni mpaka kishale kikaanza kuchechemea. Vya mwanga vya mwanzo vilichanganyikiwa ukivivuta kwa kasi, mchezaji akajikuta anatazama dari wakati adui yuko mlangoni. Vingine vilikuwa na kiherehere cha kuunyoosha mstari ambao mwenyewe uliutaka upinde. Kasoro hizo zimeondolewa moja baada ya nyingine, na mara nyingi zilianza kuondoka kwenye vifaa ghali. Halafu, bingwa anakula kwa shabaha yake. Ana sababu gani ya kushika kifaa kibaya? Tena kijana wa Mbeya au Kisumu hawezi kujaribu vipanya ishirini kabla ya kutoa fedha zake. Kumfuata aliyekwisha kujaribu ni busara, wala si ushamba. Kwa hiyo nunua cha bei ya juu kabisa unachokimudu, chenye namba kubwa kuliko vingine, kinachofanana na cha bingwa.

Kila kipande cha hoja hiyo kina ukweli wake. Uozo unaanza pale vinapounganishwa.

Kwanza: namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa

DPI ni idadi ya hatua ambazo kipanya kinaziripoti kwa kompyuta kila kinapotembea inchi moja. Haipimi ubora, haipimi usahihi, wala haipimi kasi ya mkono wako. Logitech G Pro X Superlight ya mwaka 2020 ilitangazwa kwa 25,600. Superlight 2 ya 2023 ilikuja na 32,000. Razer nayo ilikwishafika 30,000, na Viper V3 Pro ya 2024 ikapanda hadi 35,000. Mwakani itaongezwa tena, kwa sababu ni namba ambayo kuiongeza hakumuumizi mtu yeyote isipokuwa mnunuzi.

Tufanye hesabu. Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana. Kipanya kikiwekwa kwenye 30,000, na Windows isipopunguza wala kuongeza kitu, kishale kinavuka skrini nzima kipanya kikiwa kimesogea milimita 1.6. Hapo hujalenga mtu, umepiga chafya. Ndani ya gemu ya Counter-Strike, ukiweka wepesi wa kulenga kwenye 1, utazunguka duara zima na kurudi ulipoanzia kwa kusogeza mkono chini ya sentimita moja na nusu.

Sasa kamuulize bingwa yuleyule ambaye picha yake imebandikwa kwenye boksi anatumia ngapi. Karibu wote wako kwenye 400, 800 au 1,600. Sifa ya kwanza ya kipanya kwenye tangazo ni sifa ambayo mtu aliyelipwa kukitangaza haigusi, na hapo ndipo imani yenyewe inapojikanyaga: ukimfuata bingwa utaipuuza namba, ukiifuata namba utampuuza bingwa.

Kuna faida moja ndogo na sitaificha. Ukitoka 400 kwenda 1,600, kisha ukapunguza wepesi ndani ya gemu ili mkono usione tofauti, mwendo wa kwanza kabisa unaripotiwa mapema kidogo, kwa sababu kila hatua ni fupi zaidi. Faida hiyo inaishia hukohuko chini. Huko kwenye elfu makumi hakuna anayeifuata. Na kihisi cha kutosha, yaani jicho la kipanya linalosoma mwendo, kilikwishapatikana zamani. PMW3360 ya kampuni ya PixArt ya Taiwan, iliyokuwa ndani ya vipanya vingi katikati ya muongo uliopita, ilitengenezwa kufuatilia mwendo wa inchi 250 kwa sekunde, yaani zaidi ya mita 6. Mkono unaofika huko mezani utavunja kitu kabla haujamkosa adui.

Huku chini nako namba ina utapeli wake. Kipanya cha bei rahisi kinachojinadi kwa 7,200 mara nyingi kihisi chake hakifiki huko. Kinachukua hatua chache zilizopimwa kweli na kuzizidisha kwa hesabu. Tajiri anauziwa namba asiyoihitaji, maskini anauziwa namba isiyokuwepo. Wote wawili wametoka dukani wakitabasamu.

Pili: mara elfu nane kwa sekunde

Kipanya cha kawaida cha USB huijulisha kompyuta kilivyosogea mara 125 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 8. Vya gemu vikapandisha hadi 1,000, kila milisekunde 1. Hiyo ilikuwa hatua ya maana; milisekunde 7 ni karibu nusu ya muda ambao picha moja inakaa kwenye skrini ya Hz 60. Mwaka 2021 Razer wakaleta Viper ya 8,000, na muda ukashuka kutoka milisekunde 1 hadi 0.125. Mara nane, wakashangilia wapambe. Mara nane ya nini? Kilichookolewa hakifiki milisekunde moja.

Itazame safari nzima. Jicho likiona kitu, mpaka kidole kibonyeze, zimepita takriban milisekunde 200. Skrini ya Hz 60 inabadilisha picha kila milisekunde 16.7. Halafu kuna seva. Za Counter-Strike zilizo jirani na sisi ziko Johannesburg na Dubai. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kama kilomita 200 kwa milisekunde. Nairobi hadi Johannesburg, kwa mstari ulionyooka kama ndege arukavyo, ni kilomita kama 2,900. Kwenda na kurudi ni milisekunde 29, na hapo hatujahesabu ruta hata moja wala mzunguko wa waya unaopita chini ya bahari. Ukiangukia seva ya Frankfurt ni zaidi ya 60, na hilo ni deni la fizikia ambalo halina mtu wa kujadiliana naye. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu upande wa Afrika Kusini, intaneti ya Tanzania na majirani zake ilitambaa kwa siku kadhaa. Sikusikia mtu akisimulia jinsi alivyookolewa na Hz 8,000.

Gharama iliyofichwa ni hii: taarifa 8,000 kwa sekunde lazima zipokelewe na mtu, na mtu huyo ni prosesa yako. Sehemu kubwa ya wachezaji wetu wanachezea kompyuta za ofisini zilizokwishatumika Ulaya, wakaziongezea kadi ya picha. Prosesa ya namna hiyo ikilazimishwa kusikiliza kipanya kinachopiga kelele mara elfu nane, inaacha kazi ya gemu, na picha zinaanza kukwama. Kama hakina waya, betri nayo inaisha haraka mno. Umelipa zaidi ili mchezo ukatike zaidi.

Tatu: mkono ni wa nani?

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo tangazo linapokaa kimya.

Watu hawashiki kipanya kwa namna moja. Yupo anayelaza kiganja kizima mgongoni mwa kipanya. Yupo anayekunja vidole kama makucha, kiganja kikigusa nyuma tu. Yupo anayekishika kwa ncha za vidole, kiganja kiko hewani. Wa kwanza anataka kipanya kirefu chenye nundu iliyojaa. Wa tatu anataka kifupi na cha chini, na ile nundu kwake ni kero. Juu ya hayo weka ukubwa wa mkono wenyewe. Pima kutoka kwenye kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati. Mwenye sentimita 17 na mwenye sentimita 20 hawawezi kupewa kipanya kimoja na wote wakakaa sawa. Pima pia upana, kwa sababu kidole cha pete na kidogo vinahitaji mahali pa kukaa. Visipokuwa na mahali vinaburuta pedi, na shabaha inayumba bila mwenyewe kujua sababu.

Hakuna anayeingia duka la viatu akaomba namba kubwa kuliko zote kwa kuwa ndiyo anayovaa mchezaji wa mpira wa kikapu anayempenda. Kwenye vipanya tunafanya hivyohivyo na tunaita utafiti.

Kampuni zenyewe zinajua. Zowie, chapa iliyo chini ya BenQ, wanauza umbo lao la EC kwa saizi tatu, EC1, EC2 na EC3, kihisi kilekile na vibonye vilevile. Kama vifaa ni ngazi, EC1 iko juu ya EC3 au chini yake? Hakuna jibu kwa sababu swali halina maana, na kuuza kwao saizi tatu ni kukiri hadharani. Umbo lenyewe linarudi nyuma kwenye IntelliMouse Explorer 3.0 ya Microsoft ya miaka ya mwanzo ya 2000, kipanya kilichotengenezwa kwa watu wa hesabu za ofisini. DeathAdder ya Razer ilitoka 2006 na umbo lake bado linauzwa. Vihisi vimebadilika mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kukumbuka. Maumbo mazuri yamebaki, kwa kuwa mkono wa binadamu haujatoa toleo jipya.

Uzito nao umegeuzwa mashindano. Finalmouse walitoa Air58 mwaka 2019, gramu 58, mwili umetobolewa matundu kama wavu. Superlight ikaja chini ya gramu 63 bila matundu. Mwaka 2023 Razer wakauza Viper Mini Signature Edition ya magnesiamu, gramu 49, kwa dola 280. Kwa anayelenga kwa mkono mzima, anayenyanyua kipanya na kukirudisha kila baada ya sekunde chache, gramu ishirini pungufu ni nafuu ya kweli ifikapo usiku. Kwa anayelenga kwa kifundo cha mkono na kusogeza sentimita chache tu, gramu hizo ishirini hazina kazi, na wapo ambao kipanya kikizidi wepesi wanashindwa kukisimamisha pale walipotaka. Matundu yanaingiza vumbi na jasho, na kwenye joto letu jasho si la kukisia.

Kuna mkono mwingine tumeusahau. G Pro Wireless ya Logitech ya 2018 ilikuwa na vibonye vya pembeni vinavyohamishika, upande wowote unaotaka. Superlight iliyoirithi ikaacha vya upande wa pili. Mwenye kutumia mkono wa kushoto akaambiwa kimya kimya kwamba kipanya bora duniani ni bora kwa mkono mwingine. Huyo anasimama kwenye daraja la ngapi?

Nne: bingwa mwenyewe

Tazama mashindano makubwa ya Counter-Strike. Kila mchezaji kavaa hedseti kubwa yenye nembo iliyoelekezwa kwenye kamera. Kijana anaiona, anaitaja jina, anaanza kuweka akiba. Asichokiona ni vile vispika vidogo vilivyozibwa ndani ya masikio chini ya hedseti hiyo. Humo ndimo sauti ya gemu inamopita. Hedseti ya nje ina kazi ya kuzuia kelele za ukumbi mzima, na mara nyingi inamiminiwa sauti ya mvumo ili watazamaji wasimpe siri ya adui alipo. Kwa hiyo ile hedseti uliyoitamani, jukwaani, kazi yake kuu ni kuziba masikio. Ukiinunua ukaivaa chumbani kwako, peke yako, ukimya umetanda, umeiga suluhisho la tatizo ambalo huna.

Kwenye vipanya mabingwa wana uhuru zaidi, na wengi hushika wanachokipenda kweli. Lakini angalia wanachokipenda: timu moja, watu watano, wepesi wa kulenga wa kila mmoja ni wake, na aina za kushika ni tofauti. Wao wenyewe hawafuatani, ila wewe uwafuate wote.

Halafu kuna jambo la uchakavu. Swichi za Omron za aina nyingi zinatajwa kudumu mibonyezo milioni 20 au 50, lakini kila aliyecheza kwa miaka anaijua kasoro ya kubonyeza mara moja kompyuta ikasikia mbili, maana chuma kinachogusana kinachoka. Bingwa ikimtokea anachukua kipanya kingine kabatini. Wewe ulinunua kwa mkono wa binamu aliyetoka Dubai. Dhamana ni ya miaka miwili, ndiyo, na nani atakirudisha?

Kipanya cha waya cha muundo wa kawaida unakipeleka kwa fundi wa simu mtaani. Anabandua miguu ya chini iliyoficha skrubu, anafungua, anayeyusha risasi, anaweka swichi mpya, na jioni unacheza. Utanunua miguu mingine kwa sababu ya zamani haibandiki tena vizuri. Kipanya cha gramu 49 chenye betri iliyobanwa kwenye kila uwazi, fundi huyo atakigeuza mara mbili na kukurudishia. Urahisi wa kutengenezeka haujawahi kuandikwa kwenye boksi lolote nililoliona.

Tano: pedi, mtoto wa kambo

Muulize mtu kipanya chake, atakupa jina, toleo na rangi. Muulize pedi, atakwambia ni nyeusi.

Sasa sikia. Kwenye Counter-Strike, kwa DPI 800 na wepesi wa 1, kugeuka duara zima kunahitaji kipanya kitembee sentimita 52. Kumgeukia adui aliye nyuma yako ni nusu yake, sentimita 26. Pedi ndogo ile ya ofisini ina upana wa sentimita 22, na kipanya chenyewe kinakula sita. Kijana ameiga mipangilio ya bingwa kwa uaminifu mkubwa, ameiweka juu ya pedi ya sentimita 22, na kila akipigwa kwa nyuma anakufa kipanya kiko hewani, akijaribu kukirudisha upande wa pili. Atakwenda kununua kipanya kipya. Kasoro ilikuwa ya kipande cha kitambaa.

Zile pedi ndefu za sentimita 80 kwa 30 zinaonekana kama zimemaliza tatizo. Weka kibodi kamili juu yake, imekula sentimita 44. Imebaki 36, na hapo bado hujaweka kikombe. Kibodi isiyo na tarakimu za pembeni inakurudishia karibu sentimita nane, na huo ni uamuzi wa shabaha kuliko gramu tano za kipanya. Mbaya zaidi ni kwenye vituo vya gemu, ambako wengi wetu tunachezea: viti vimebanana, nafasi ya mkono ni kiasi cha daftari. Pale wepesi wa bingwa hauwezekani kabisa. Anayecheza kituoni ajizoeze wepesi mkubwa wa kulenga kwa kifundo, na asione haya, kwa sababu meza ndiyo iliyoamua.

Kitambaa nacho kina tabia zake na hali ya hewa. Pwani yetu, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, unyevunyevu unaingia kwenye nyuzi na pedi inazidi kuwa nzito. Kipanya kilichoteleza vizuri Arusha kinakokota Kigamboni. Jasho la mkono linafanya mahali pamoja pa katikati pawe pazito kuliko kando, na mkono unapata kasi mbili kwenye uso mmoja. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kuanika kivulini. Nimeona watu wakipandisha na kushusha namba za DPI mwezi mzima kwa ajili ya pedi iliyohitaji kufuliwa. Pedi ngumu za plastiki haziogopi unyevu, ila zinatafuna miguu ya kipanya. Meza ya kioo kitupu haifai, vihisi vingi havioni pa kushika. Kuhusu pedi zenye taa pembeni na waya wake wa USB sina la kusema.

Sasa weka bei mezani. Superlight ya Logitech ilitoka kwa dola 150. G203 ya kampuni hiyohiyo ilitoka kwa 40, yenye waya, gramu 85, kihisi cha 8,000 ambacho nacho hutakimaliza. Ndani ya tofauti ya dola 110 unapata pedi kubwa ya kitambaa, hedfoni za kuaminika, na nauli ya kwenda mjini kuvijaribu. Lakini ngazi haina daraja la pedi, kwa hiyo inanunuliwa mwisho, kwa chenji.

Sita: masikio mawili

Hedseti inauzwa kwa 7.1. Maana yake spika saba na moja ya besi, kama ukumbi wa sinema. Ifungue: ndani kuna spika mbili, moja kila upande, isipokuwa aina chache ambazo hazikudumu sokoni. Hizo nyingine zimebuniwa na programu. Si uongo wa moja kwa moja. Masikio yenyewe ni mawili, na ubongo unajua upande kwa tofauti ndogo za muda na za umbo la sauti, tofauti ambazo hesabu inaweza kuziiga. Tatizo ni kwamba gemu zenyewe zinaifanya kazi hiyo. Counter-Strike iliweka mfumo huo mwaka 2016, Valorant ikauweka 2021. Ukiwasha wa gemu, kisha ukawasha 7.1 ya hedseti juu yake, sauti imepikwa mara mbili: nyayo zinasikika kama mtu anatembea ndani ya pipa, na upande unapotea. Umelipia sifa ambayo kitu cha kwanza cha kufanya ni kuizima.

Boksi linasema spika za milimita 50, kana kwamba upana ndio usikivu. Linasema sauti hadi kHz 40, wakati sikio la kijana mwenye afya linaishia karibu na 20. Popo atafaidi.

Na hili neno la gemu lililobandikwa kila mahali? HyperX Cloud ya 2014, hedseti iliyosifiwa kuliko nyingi, msingi wake ni Takstar Pro 80, hedfoni za kusikilizia studio kutoka China. Wakaongeza maikrofoni, rangi na nembo, na kazi ilikuwa nzuri kwa sababu hedfoni za msingi zilikuwa nzuri. Hedfoni za kawaida na maikrofoni ndogo ya kubandika zitakufikisha kulekule. Ila epuka Bluetooth kwa kucheza: sauti inachelewa, na maikrofoni yake ikiwashwa, ubora wa unachosikia unaporomoka hadi wa simu.

Kinachostahili kuulizwa ni joto. Masikio yaliyofunikwa ngozi ya bandia Machi ya Dar es Salaam hayavumilii saa tatu, na ngozi hiyo ya bandia inavunjwa na unyevu. Mwaka wa pili inabanduka vipande vyeusi shingoni. Mito ya kitambaa inadumu na inapumua. Hedfoni zilizo wazi nyuma zinapumua zaidi na zinaonyesha upande vizuri, lakini nyumba yote inasikia risasi, na wewe unasikia televisheni ya sebuleni. Maikrofoni nayo ijaribiwe pangaboi likizunguka, maana wenzako timuni wanalisikia wewe hulisikii.

Halafu kuna bei isiyolipwa dukani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa usikilizaji salama ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu kwa wiki. Hedseti isiyozuia kelele kituoni inamlazimisha mchezaji kupandisha sauti ili asikie nyayo, kisha bunduki ikilia inalia kwa kiwango hichohicho. Kusikia kukishapungua hakuna toleo jipya la sikio.

Saba: kwa wale wa "mausi ni mausi tu"

Nyinyi mmekaa mkifurahi kwamba nawatetea. Siwatetei. Kuna vipanya vinavyotetemesha kishale, vinavyopotea ukivivuta, vya maumbo yaliyochorwa na mtu asiye na vidole. Kipaji hakiponyi kihisi kibovu. Mtu aliyesema kifaa si kitu, mara nyingi ni mtu ambaye kifaa chake kilimkaa vizuri kwa bahati. Kuna mstari wa chini, na chini yake usinunue. Ila ukishauvuka, na kwa sasa unavukwa kwa bei ya wastani, kinachobaki ni kukaa sawa na mkono, meza, chumba na masikio yako.

Sasa kwa nini imani hii haifi? Kwa sababu namba inaingia kwenye boksi na mkono hauingii. Nenda dukani uombe kukishika kipanya. Utaambiwa ukifungua umenunua. Boksi limefungwa nailoni, liko nyuma ya kioo, muuzaji anakusomea maandishi ya mbele. Mteja aliyenyimwa kushika atalinganisha nini zaidi ya namba? Analinganisha 16,000 na 32,000, anachagua kubwa, anaondoka. Maduka hayahaya yana simu za maonyesho zilizofungwa kamba kaunta, zinashikwa na kila apitaye tangu asubuhi. Yafunge na vipanya vitatu: kirefu cha nundu, cha wastani kilicholingana pande mbili, kifupi cha chini. Waya ukatwe, havihitaji kuwaka. Yaweke na hedseti moja ya ngozi na moja ya kitambaa, mtu azivae dakika kumi kwenye joto lile.

Muuzaji atasema vitachafuka. Vichafuke.